Moto Usiofuka Moshi

Katika milima ya Steiermark, kusini-mashariki mwa Austria, kuna wakulima wanaouza joto. Hawauzi kuni, wala mafuta, wala gesi. Ni watu wenye ng'ombe wachache na kipande cha msitu cha urithi, ambao hujiunga katika vikundi, wakafunga boila kwenye chumba cha chini cha shule au cha ofisi za kijiji, na kuilisha vibanzi vya mti usiku na mchana msimu wote wa baridi. Wakati wa malipo ukifika, hakuna anayehesabu matela ya vibanzi yaliyoletwa. Inasomwa mita iliyofungwa kwenye bomba la maji moto, na shule inalipia kile tu kilichopita humo: joto, kwa kilowati-saa.

Naanza na mita hiyo kwa sababu ndiyo iliyowafanya watu hawa kuwa mafundi. Anayelipwa kwa uzito wa kuni anaweza kuuza maji yaliyojificha ndani ya mti na mteja asijue. Anayelipwa kwa joto, akileta vibanzi vibichi, amejiibia mwenyewe. Ndiyo maana kila hatua, tangu mti uangushwe hadi majivu yazolewe, wanaisimamia kama mtu alindaye mali yake. Na ukiifuata kazi yao tangu mwanzo, unaona kwamba sehemu ndogo tu ya ufundi huo iko kwenye moto wenyewe. Boila hutoboa siri: hueleza wazi mti ule ulitendewa nini mwaka uliopita.

Adui wa kwanza ni maji. Mti uliokatwa leo, nusu ya uzito wake ni maji, na mara nyingine zaidi ya nusu. Chukua tani moja ya mti wa namna hiyo, wenye unyevu wa asilimia 50. Mna kilo 500 za mti mkavu na kilo 500 za maji. Uache ukauke hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 25, na tani ile itakuwa imebaki kilo 667 hivi. Kilo 333 za maji zimechukuliwa na jua na upepo, wala hakuna aliyelipa hata senti. Sasa piga hesabu ya joto. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula karibu theluthi mbili ya kilowati-saa, basi faida ya kukausha tani ile, kwenye karatasi, ni kama asilimia 10. Asiyeijua kazi ataishia hapo na kusema hakuna haja ya kuhangaika kwa kitu kidogo hivyo.

Lakini moto hausomi karatasi. Maji hayo yakiingia ndani ya boila ndogo hupoza chumba cha kuunguzia kabla gesi za mti hazijapata joto la kuziunguza zote. Zisizoungua hutoka na moshi, huganda kama lami kwenye mabomba, hupanda dohani na kuishia vifuani mwa watu wa kijiji. Kwa boila ya nyumba ya mkulima, tuseme ya kilowati 30, vibanzi vyenye unyevu wa zaidi ya asilimia 30 ni matatizo ya kujitakia. Wanaojali hukaa chini ya 25.

Kwa hiyo kazi huanza mapema sana. Miti hukatwa majira ya baridi, ardhi ikiwa imeganda na magurudumu ya trekta hayachimbi matope. Magogo hupangwa kando ya barabara ya msitu, mahali pa wazi panapopigwa na jua na upepo, juu ya magogo mawili ya kulalia ili hewa ipite chini. Juu ya rundo hutandikwa karatasi nzito isiyopenya mvua, na hiyo karatasi haitolewi tena: siku ya kukata hupita kwenye mashine pamoja na magogo na kuwa sehemu ya kuni. Kisha mkulima anaondoka. Anaacha Machi, Aprili, Mei, hadi Agosti zimfanyie kazi. Hakuna mashine inayoweza kushindana na kiangazi kwa gharama, na fundi mzuri anajua kuchagua mahali pa kuweka rundo kama vile mvuvi anavyojua pa kutega. Rundo lile lile likiwekwa bondeni kwenye kivuli, Agosti litakuwa bado linatoa maji.

Kuna jambo moja linalogombana na subira hiyo. Miti mingi ya milima hiyo ni sprusi, ndugu wa msonobari, na sprusi ana adui wake: mbawakawa mdogo wa magome, wa kama nusu sentimita, anayetaga mayai chini ya gome. Majira ya joto yakianza, kizazi kipya hutoboa na kuruka kutafuta miti mingine. Rundo la magogo yenye mabuu likiachwa kando ya msitu wa sprusi hugeuka chanzo cha maafa. Hapo fundi halazimishi kukausha. Ama anayasafirisha magogo mbali na msitu, ama anayakata vibanzi mara moja, kwa sababu visu vya mashine huangamiza mabuu waliomo. Vibanzi hivyo vitakuwa vibichi, na havifai kwa boila ya shule. Vitakwenda kwenye mtambo mkubwa ulioundwa kwa vitu kama hivyo, ambao nitaufikia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasikate vibanzi vyote vikiwa vibichi kisha wavikaushe. Ni kwa sababu lundo la vibanzi vibichi halitulii. Kuvu na bakteria huanza kula mti, na ulaji wao huzaa joto. Baada ya siku chache, katikati ya lundo mnaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Joto hilo ni mali inayopotea hewani, mwezi baada ya mwezi, na kinachobaki kimejaa vumbi la kuvu linaloumiza mapafu ya anayekigusa kwa koleo. Vibanzi vilivyokatwa kutoka kwenye gogo kavu hulala salama ghalani hadi vitakapohitajika.

Siku ya kukata ndiyo siku ya kelele. Wakulima wachache humiliki mashine yao. Wengi hukodi mkandarasi anayezunguka kijiji hadi kijiji na mtambo wa ngoma: silinda zito la chuma lenye visu, linalozunguka kwa kasi na kumeza gogo zima kwa upande wa kitako. Mitambo mikubwa hujaza mita za ujazo 100 na zaidi kwa saa. Mkono wa winchi unanyanyua, ngoma inanguruma, vibanzi vinarushwa kwenye tela kwa mkondo mmoja mfululizo. Mtu angeweza kudhani ni nguvu tupu. Msimamie yule mwendeshaji uone jinsi anavyosikiliza. Kisu chenye makali hutoa mlio mkavu, na kibanzi hutoka na kingo safi, zilizonyooka. Kisu kilichochoka hakikati bali kinararua. Mlio unakuwa mzito, injini inahangaika, na vibanzi vinatoka na nyuzinyuzi pembeni. Nyuzinyuzi hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe. Ghalani zitajenga daraja juu ya tundu la kutolea, boila itakosa chakula huku ghala likiwa limejaa, na mtu ataamka usiku wa manane, nje theluji, kwenda kulibomoa kwa mti mrefu. Kwa hiyo mwendeshaji husimama baada ya saa chache, anafungua kifuniko, anageuza au kubadilisha visu. Faida ya muda anaopoteza hapo inamfikia Januari mtu mwingine kabisa, mlinzi wa boila, ambaye hatakuwa na sababu ya kuamka.

Jiwe moja lililonasa kwenye gome lenye matope linatosha kuharibu seti nzima ya visu. Hapo unaona jinsi hatua zinavyofungamana: aliyeburuta magogo kwenye tope mwezi wa Februari amemharibia mwenye visu mwezi wa Septemba.

Nyuma ya ngoma kuna chekecheke la chuma, na ukubwa wa matundu yake ndio unaoamua ukubwa wa kibanzi. Waaustria waliliwekea jambo hili viwango mwaka 1998, na majina yake bado yako vinywani mwa wakulima ingawa tangu 2014 kuna kiwango cha kimataifa, ISO 17225-4. Kibanzi cha G30 ni kile kidogo, cha boila za majumbani. Hata kipande kirefu kabisa kisizidi sentimita 8.5. G50 ni cha mitambo ya wastani. Kando ya herufi hiyo huandikwa nyingine, W, na namba ya unyevu. Mkulima akisema ana G30 ya W25, amekwisha kueleza karibu kila kitu mwenye boila anachotaka kujua. Mita moja ya ujazo ya vibanzi kama hivyo vya sprusi ina uzito wa kama kilo 200, na joto lililomo ni la karibu lita 75 za mafuta. Miti migumu kama mwaloni hutoa zaidi kwa ujazo huo huo. Mita moja ya ujazo ya gogo zima, ikikatwa, hujaza karibu mita mbili na nusu. Kilichoongezeka ni hewa, na ghala lazima lijengwe kwa kuikumbuka hewa hiyo.

Na kwa nini taabu yote ya kukata vipande vidogo namna hiyo? Nyanda za juu za Kenya zina jibu. Viwanda vya chai huko, Kericho hata Murang'a, huendesha boila kwa kuni za mikaratusi: magogo yaliyopasuliwa, yakapangwa bandani kukauka, kisha yakaingizwa tanurini kwa mkono. Mchochezi wa boila hizo ana ufundi wake, nami nauheshimu. Anajua lini aongeze na lini aache, jicho kwenye geji ya mvuke, huku majani ya chai yakisubiri kukaushwa. Lakini kila mlango unapofunguliwa hewa baridi hujaa ndani, na kuni nyingi zikitupwa kwa mkupuo hutoa gesi nyingi kuliko hewa iliyopo kuziunguza. Hapo ndipo dohani inapotoa moshi mweusi, hata mchochezi awe hodari vipi. Kibanzi huondoa mambo yote mawili. Huingia kidogo kidogo, mlango ukiwa umefungwa, na hushika moto mara moja. Boila ya kilowati 30 inayofanya kazi kwa nguvu zake zote hula kama kilo 9 kwa saa, na hizo kilo 9 hazifiki kwa pamoja; huja kwa viganja, kila baada ya muda mfupi, kadiri moto unavyotaka.

Vinavyozileta ni vifaa viwili. Kwenye sakafu ya ghala kuna mikono ya chuma chepesi, inayojikunja chini ya uzito wa vibanzi na kujinyoosha ghala linapokwisha, ikivifagia polepole kuelekea kwenye mfereji. Ndani ya mfereji kuna parafujo ndefu inayozunguka na kuvisukuma hadi kwenye boila. Na hapa pana hatari ambayo kila aliyebuni mitambo hii amekesha akiifikiria: njia inayopeleka kuni motoni ni njia ile ile ambayo moto unaweza kuifuata kurudi ghalani. Umeme ukikatika, parafujo ikasimama imejaa vibanzi, moto huanza kutambaa nyuma, taratibu, kibanzi hadi kibanzi. Kwa hiyo hukatwa njia. Vibanzi huangushwa kutoka juu kupitia gurudumu lenye vyumba, ambalo muda wote lina ukuta mmoja kati ya moto na ghala. Na juu ya mfereji huwekwa valvu ya maji isiyotegemea umeme wala kompyuta: ndani yake mna kimiminika kinachopanuka mfereji ukipata joto, na kupanuka huko kunafungua maji. Katika mtambo wote, kifaa hiki kidogo ndicho ninachokistahi kuliko vyote. Huenda kikakaa miaka 20 bila kufanya lolote, na kila mwaka kuna mtu anayekikagua.

Kuhusu moto wenyewe, la kujua kwanza ni kwamba mti hauungui kama watu wengi wanavyodhani. Kibanzi kikipata joto hutoa kwanza maji yake, kisha hupasuka kuwa gesi. Karibu asilimia 80 ya mti mkavu huondoka hivyo. Zile ndimi za njano ni gesi hizo zikiungua juu ya kuni. Kaa jekundu linalobaki ni sehemu ndogo. Kwa hiyo boila nzuri huleta hewa mara mbili. Hewa ya kwanza hupita chini, kwenye wavu wa chuma, kidogo tu, ya kutosha kuyaweka makaa hai na kutoa gesi. Hewa ya pili hupulizwa juu, kwa nguvu na kwa mzunguko, ichanganyike na gesi ndani ya chumba kilichojengwa kwa matofali ya kuhimili moto, palipo na joto la zaidi ya nyuzi 800. Hewa ikipungua, moshi. Hewa ikizidi, inapoza moto na kubeba joto hadi nje. Kwenye njia ya moshi hukaa kihisi cha oksijeni, jamii moja na kile cha kwenye bomba la moshi la gari, kinachopima kilichobaki na kurekebisha feni na parafujo bila kuchoka. Huko Wieselburg, katika jimbo la Austria ya Chini, kuna taasisi ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikipima boila za kuni moja baada ya nyingine. Za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilipoteza sehemu kubwa ya joto kwenye dohani. Za leo huvuka ufanisi wa asilimia 90.

Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto. Mafundi hawa wanataka moto uwepo na moshi usifuke. Siku ya baridi kali, boila ikiwa imekwisha kushika kasi, juu ya dohani huonekana mtikisiko wa hewa ya moto na pengine wingu jeupe la mvuke linaloyeyuka upesi. Rangi ya kijivu ikianza kuonekana, watu wa kijiji wanajua kuna kitu hakiko sawa, na wanajua wa kumpigia simu.

Ule mtambo mkubwa niliousema una sheria nyingine. Chukua mfano wa mji wa Växjö, kusini mwa Sweden: ulianza kutumia kuni kwenye mtambo wake wa Sandvik mwaka 1980, wakati mafuta yalipokuwa yamepanda bei kwa ghafla mara mbili katika muongo mmoja. Mwaka 1996 baraza la mji likaamua kuachana kabisa na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Kuni zake ni matawi na vilele vilivyobaki msituni baada ya magogo kwenda kwenye viwanda vya mbao, na huja na unyevu wake wote. Katika mitambo mingi mikubwa ya namna hiyo wavu wa tanuri hutembea, na juu yake matao ya matofali yaliyopata moto hurudisha joto chini kukausha kinachoingia. Mwishoni, moshi hupozwa kwa maji yanayorudi kutoka kwenye nyumba za watu, mvuke uliomo ukageuka maji tena na kulitoa lile joto ulilokopa. Maji ambayo kwa mkulima wa Steiermark ni hasara, Växjö wanayadai hadi senti ya mwisho. Boila ya shule haiwezi kuiga hilo, na asiyeelewa tofauti hiyo ataharibu boila nyingi.

Sisifu kila mti unaochomwa. Gogo zuri la sprusi la miaka 80, lililonyooka, ni boriti na mbao za nyumba itakayosimama karne nyingine. Kulikata vibanzi ni kuliua mara mbili, na kaboni iliyokusanywa kwa miaka 80 inatoka kwenye dohani kwa siku moja. Ufundi ninaouona wa heshima ni ule unaochukua kilichobaki: miti myembamba inayopunguzwa ili mingine inenepe, vilele, matawi mazito, miti iliyouawa na mbawakawa, mabaki ya kiwanda cha mbao. Wakulima wenyewe huliona hili bila kuhubiriwa, kwa kuwa gogo la mbao huwalipa vizuri zaidi kuliko vibanzi. Pale ambapo ruzuku imepotosha bei hiyo, msitu unaumia, na wenye kazi hii wanapaswa kuwa wa kwanza kusema.

Msimu ukiisha, mkulima hufungua boila kuisafisha. Tani moja ya vibanzi vizuri huacha majivu ya kilo 5 hadi 10. Yale ya kwenye wavu yana chokaa na potasiamu, na hurudishwa shambani. Ule unga mwepesi ulionaswa kwenye njia ya moshi hukusanya madini kama kadimiamu, kwa hiyo hutengwa usifike kwenye udongo. Majivu mazuri ni laini, mepesi, ya kijivu cha kupauka. Akikuta ndani yake mabonge magumu yanayong'aa kama kioo, hatalaumu boila. Mti safi hauyeyushi majivu yake kwenye joto lile. Mchanga na matope ndivyo vinavyofanya hivyo. Anarudi kwenye daftari lake, anatafuta vibanzi vile vilitoka rundo gani, na rundo lile lilivutwa kutoka upande gani wa msitu. Kisha anampigia simu mwenye trekta na kumwambia kwamba majira ya baridi yajayo, magogo ya upande ule yabebwe, yasiburutwe.